Nyota Nne za Mwalimu

Ulimwona, ukageuza uso. Usiniambie hukumwona, maana alisimama mbele yako mlangoni, kitambaa kichwani, funguo mkononi, akakukaribisha mara tatu nawe macho yako kwenye simu. Ulilalia mashuka aliyoyapiga pasi yeye. Ulioga maji aliyoyapandisha kwa ndoo hadi kwenye tangi, siku ambayo bomba lilikuwa kavu na wewe hukujua hata kama kuna siku bomba hukauka. Ukaondoka. Siku mbili baadaye simu ikakuuliza ulionaje, ukabofya nyota pale kidole kilipoangukia ili ikuache na shughuli zako. Kaa chini basi. Nitakusimulia kidole kinaweza kufanya nini ndani ya nyumba ya mtu.

Mtaani walimwita Mama Shuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona kamba yake ya nguo ikiwa tupu. Mashuka meupe, foronya nyeupe, taulo nyeupe, kila siku ya Mungu, utadhani ua ule ni wa hospitali. Nyumba ya mbele haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu anayeishi ng'ambo, ambaye aliipangisha kwa siku kupitia tovuti moja ya wasafiri: vyumba vitatu, jiko, sebule yenye feni. Mama Shuka na mumewe, mpaka rangi ambaye watu walimwita Fundi na basi, waliishi katika vyumba viwili vya uani pamoja na mama mzazi wa Fundi, ambaye wote walimwita Bibi, na binti yao aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Kodi hawakulipa. Walilipa kwa kufua, kupiga deki, kupokea wageni, kupaka ukuta ulipochubuka, na kuitika kila mlango ulipogongwa.

Jumatatu asubuhi Binti aliketi kizingitini na simu, akasoma maoni ya mgeni aliyeondoka Ijumaa. Yaliandikwa kwa lugha ya kigeni, naye aliyafasiri huku akisoma, neno kwa neno.

"'Nyumba ni safi. Mahali ni patulivu. Mwanamke anayehudumia ni mkarimu, lakini...'"

"Lakini nini? Soma," Mama Shuka alisema, mikono imezama kwenye beseni la povu.

"'Lakini hazungumzi lugha yoyote.'"

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua kichwa. "Lugha yoyote? Kwani humu ndani tunaongea naye kwa filimbi?"

"Ndivyo alivyoandika, bibi."

"Basi mwulize pochi yake aliipata kwa lugha gani."

Hapo Bibi alisema kweli tupu. Mgeni yule alipoangusha pochi yenye hati zake zote, Mama Shuka ndiye aliyezunguka naye kituo cha mabasi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, akiuliza makondakta, wauza maji, wafagiaji, mmoja baada ya mwingine, mpaka mfagiaji mmoja mwenye kofia ya sufi akasema, "Hebu subiri, mama," akaingia kibandani, akatoka nayo. Mgeni alilia. Alimkumbatia mbele ya watu. Kisha akapanda ndege, akampa nyota tatu.

"Na yeye anatakiwa apewe zake," Binti alisema. "Tovuti inatuuliza, mgeni huyu tunampa ngapi?"

"Mpe tano."

"Mama!"

"Mgeni hapimwi. Mpe tano, halafu uje unisaidie kukamua."

Wakala alikuja Jumanne. Alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa, msimamizi wa nyumba kumi na moja za watu wa ng'ambo, na mtaani jina lake lilikuwa Bwana Nukta, kwa kuwa hakuna namba aliyoweza kuitaja bila kuitia nukta. Alipitisha kidole juu ya kabati la sebuleni, akakitazama. Hakikuwa na kitu. Akakifuta kwenye suruali hata hivyo.

"Mama, hali si nzuri. Tulikuwa nne nukta saba tano. Sasa tuko nne nukta saba moja."

"Kati ya ngapi, bosi?"

"Tano."

"Si bado ni nyingi?" Fundi aliuliza kutoka nje ya mlango. Hakuingia, viatu vyake vilikuwa na rangi. "Mtoto akinirudia na nne nukta saba moja juu ya tano, mimi nanunua soda nyumba nzima."

"Mzee, hii si shule. Huku nne nukta saba ndiyo mstari. Ukiwa juu yake, nyumba inaonekana ukurasa wa kwanza. Ukishuka, umezikwa, hakuna mtu anayefika ukurasa wa sita. Na mwenye nyumba ameshaniandikia. Tukimaliza mwezi huu tukiwa chini ya nukta saba, anaikabidhi nyumba kwa kampuni."

Kampuni ilikuwa na dawati lenye watu wanaojua lugha tatu, na gari linalosambaza wasafishaji asubuhi na kuwazoa mchana. Haikuhitaji mtu wa kuishi uani.

"Na vyumba vyetu?" Mama Shuka aliuliza.

"Wataweka mashine za kufulia."

Aliyasema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia saa. Kisha akashusha sauti, akawa mwema. "Sikiliza, mama. Mimi nataka kukusaidia. Usafi huna tatizo. Tatizo lako ni mawasiliano. Kuanzia leo funguo zitakaa kwenye kisanduku cha namba pale getini. Mgeni akikuona, tabasamu. Akikuuliza kitu, tabasamu, halafu mwonyeshe namba yangu. Usiongee."

"Nisiongee kabisa?"

"Ukiongea ndiyo wanagundua."

Fundi aliweka ndoo yake ya rangi chini. "Wanagundua nini? Kwamba mke wangu ana mdomo?"

"Usinichukie mimi, mzee. Ndilo soko."

Soko. Zamani waliliita utaratibu, na wenye kumbukumbu tunakumbuka. Kuna mzee aliyerudishwa kutoka dirisha la benki, pesa zake mwenyewe zikabaki ndani, kwa sababu fomu iliongea lugha ambayo yeye hakuijua. Kuna mshtakiwa aliyesomewa hukumu, akamgeukia askari aliyemshika mkono na kumuuliza, "Nimefungwa au nimeachiwa?" Mahakama nzima ikacheka. Kuna mama aliyemnywesha mtoto dawa ya kupaka. Wote hao waliambiwa kosa ni lao. Lakini angalau mzee yule alikuwa na dirisha la kugonga. Mama Shuka alipimwa na kitu kisicho na mlango.

Wazo lilikuwa la Binti. Alilitoa siku ya tatu ya kutabasamu, mama yake aliporudi kutoka nyumba ya mbele akijikanda mashavu.

"Kwa nini tunangojea watu wa mbali tu? Msimu wenyewe umekufa. Na watu wetu husafiri vilevile. Wanakwenda semina, hospitali, usaili. Nitaandika maelezo ya nyumba kwa lugha yetu, tushushe bei kidogo. Wakija, mama ataongea nao, watamwelewa, wataandika, tutapanda."

"Na Bwana Nukta?" Fundi aliuliza.

"Yeye alikataza kuongea na wasioelewa. Hawa wanaelewa."

"Huyu mtoto angekuwa wakili," Bibi alisema, "tungeshinda hata kesi tulizokosea sisi."

Bwana Nukta hakukataa. Nyumba tupu haikumpa kitu. Na kweli watu walikuja. Walikuja kwanza wauguzi wawili waliokuwa na semina ya wiki moja. Kila jioni walivua viatu vyao vyeupe, wakatoka uani kumsimulia Mama Shuka umbea wa wodi, nani anamnunia nani na nani analala zamu. Wakaja dereva wa lori na mkewe, ambao kwa miaka saba ya ndoa hawakuwa wamelala siku tatu mfululizo kitanda kimoja. Hao hawakutoka sana nje. Mwishoni akaja mwalimu mstaafu na mkewe, aliyekuja mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Mwalimu alikuwa mtu wa suruali yenye mkunjo na kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza aligombana na Bibi kuhusu mwaka wa mafuriko makubwa. Siku ya pili wakagombana tena, na siku ya tatu alimtafuta mwenyewe ili wagombane. Mkewe alirudi kutoka hospitali jicho moja limefunikwa, na karatasi inayosema matone kila baada ya saa nne. Mikono ya Mwalimu ilitetemeka. Alijaribu mara moja, tone likaangukia sikioni.

"Mwalimu, lete hiyo chupa," Mama Shuka alisema. "Wewe nenda ukabishane na mama mkwe."

Kwa siku tano alimtilia mama yule matone, mchana kutwa, akiacha pasi, akiacha deki, akinawa mikono kwa sabuni kila mara mpaka ngozi ikapauka. Na aliongea. Aliongea kama mtu aliyekaa kwaresima ya ulimi. Alimweleza mgonjwa mawingu yakoje, kamba ina mashuka mangapi, nani kapita barabarani na kavaa nini. Walipoondoka, Mwalimu alimshika Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Tulikuja kama wapangaji. Tunaondoka kama shemeji zenu."

Maoni yalitoka tarehe ishirini na nne. Binti aliwaita wote uani. Ya dereva yalikuwa mstari mmoja: "Godoro zuri. Mungu awabariki." Nyota tano. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha Binti akasoma ya Mwalimu, akisimama mahali pa kusimama, kama ambavyo mwenyewe angetaka:

"'Nimelala katika nyumba nyingi, zikiwemo za ndugu zangu wa damu, na sijapata kuona mahali pengine ambapo mgeni husahau kwamba yeye ni mgeni. Mama wa nyumba hii alimtilia mke wangu dawa kila baada ya saa nne kwa siku tano, bila kuombwa hata mara moja. Kifuniko kilipoondolewa jichoni, uso wa kwanza ambao mke wangu aliuona vizuri baada ya miaka miwili ya ukungu ulikuwa wa mama huyu. Akamwambia: Kumbe ndiye wewe.'"

Yalikuwa marefu kuliko hapo. Yalimtaja Bibi kuwa "maktaba isiyokubali kushindwa." Yalimtaja Fundi na ukuta wake. Mama Shuka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Rudia pale pa maktaba," Bibi alisema.

Lakini Binti alikuwa ameshuka chini ya maneno, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Ametupa nne."

"Nne nini?"

"Nyota. Maneno yote haya, halafu nyota nne." Akafungua ya wauguzi, haraka. Nao walikuwa wameandika kwamba kila kitu kilikuwa kizuri kupita kiasi, kwamba wamepata dada, na kwamba wametoa nne "ili mzidi kujitahidi." Binti aliipiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu, kisha akaipiga tena kwenye simu. Nne nukta sita nane.

"Tumeshuka?" Fundi alisema. "Watu wanatupenda, halafu tunashuka?"

"Wale wa mbali, baba, wakiona kitu cha kawaida wanatoa tano. Ndivyo wanavyohesabu. Tano kwao maana yake hakuna kilichovunjika. Watu wetu wakiona kitu cha ajabu wanatoa nne, kwa heshima. Mashine haijui heshima. Inajumlisha tu."

"Na yale maneno?"

Binti alimgeuzia simu. Juu kabisa ya ukurasa wa nyumba yao, peke yake kama mwenyekiti, alikaa yule wa pochi: hazungumzi lugha yoyote. Ya Mwalimu, ya wauguzi na ya dereva yalikuwa yamekunjwa chini, nyuma ya mstari mdogo wa kijivu uliosema maoni katika lugha nyingine. Tovuti ilijua kufasiri lugha nyingi. Yao haikuijua, kwa hiyo ilikuwa imeyaweka mahali wanapowekwa wasiojulikana.

"Nyota moja tu," Binti alisema. "Mwalimu akiifanya nne yake kuwa tano, tunafika nukta saba kamili. Moja tu."

Mama Shuka alinyanyuka, akaanza kuanua nguo. "Mimi siwezi kwenda kumwomba mtu mzima anisahihishie maksi."

"Mama, mwezi umebakiza siku sita."

Aliyakunja mashuka manne kabla hajajibu. "Kesho tutakwenda mapema. Tusimkute anakula."

Mama na binti walipofika nyumbani kwa Mwalimu hawakumkuta anakula, lakini mkewe hakukubali hilo limpite. Alipika chai, akaiandalia meza, akavua miwani myeusi ili awatazame vizuri. "Huyu ndiye," aliwaambia majirani wawili waliochungulia, "huyu ndiye macho yangu." Ndivyo Mama Shuka alivyozidi kushindwa kusema. Alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Binti akajitosa.

"Mwalimu, tumekuja kwa ajili ya ile nne."

"Nne ipi, mwanangu?"

"Nyota ulizotupa."

"Naam!" Mwalimu alitanua kifua. "Na mlizistahili. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na nne kwangu haipatikani ovyo. Tano ni ya Mungu. Binadamu ukimpa tano umemwambia akalale."

"Hata mimi sina hiyo tano," mkewe alisema. "Miaka arobaini ya ndoa, niko kwenye tatu na nusu."

"Tatu na robo tatu. Nilikuongeza baada ya upasuaji."

Wakacheka wote, na Mama Shuka akacheka nao. Kisha akasema, macho yake kwenye kikombe, "Mwalimu, hiyo nne inatutoa ndani."

Binti akaeleza. Alieleza mstari, nukta, kampuni, mashine za kufulia. Mwalimu alisikiliza huku mkono wake ukitafuta kalamu mfukoni na kuiacha, kuitafuta na kuiacha.

"Lakini niliandika," alisema mwishoni. "Niliandika sentensi kumi na nane. Nilizisoma mara mbili kabla ya kuzituma."

"Hazihesabiwi, Mwalimu. Na zimefichwa chini, kwa sababu ya lugha."

"Kwa sababu ya lugha." Alilisema taratibu. "Lete simu. Tutarekebisha sasa hivi."

Hapakuwa na mahali pa kurekebisha. Palikuwa na sehemu ya kuwaandikia wenye tovuti, na kabla ya kuandika ilimtaka achague lugha yake. Binti alishuka na orodha. Ilikuwa ndefu; zilikuwemo lugha ambazo Mwalimu hakuwahi kuzisikia.

"Yetu haipo," Binti alisema.

"Tazama tena. Umepita haraka."

"Nimetazama mara mbili, Mwalimu."

Mzee yule aliyewafundisha watoto wa watu wengine kusoma kwa miaka thelathini na minne alichukua simu, akavaa miwani, akashuka na orodha mwenyewe kwa kidole, mpaka chini, akarudi mpaka juu. Mkewe alimtazama. Kisha Mwalimu aliiweka simu mezani, akavuta karatasi, akaandika barua kwa mkono, yenye tarehe na anwani pembeni na "Yah" yake iliyopigiwa mstari. Aliandika kwamba alama yake ilitokana na kutojua mizani ya wenyewe, kwamba mwenyeji wake alimweleza hali ilivyo, na kwamba anaomba iwe tano. Binti aliifasiri pale pale, akaituma.

"Hapo nimempa binadamu tano," Mwalimu alisema. "Mungu atanielewa. Sijui kama hawa watanielewa."

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Lilimshukuru Mwalimu kwa kuwa sehemu ya familia yao ya wasafiri. Lilisema maoni yakishatoka hayabadilishwi. Lilisema pia kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, mgeni alikuwa amefikiwa na mwenyeji kuhusu alama, na kwamba hilo ni shinikizo, na kwamba kwa ajili ya kulinda imani ya wasafiri wote nyumba hiyo imeondolewa kwenye tovuti kwa siku thelathini.

Bwana Nukta alifika kabla ya adhuhuri. Safari hii hakugusa kabati.

"Mlimfuata mgeni mpaka kwake?"

"Tulikwenda kumsalimia," Fundi alisema.

"Mlikwenda kuomba nyota! Mzee, mimi nina nyumba kumi na moja. Zote sasa zinachunguzwa. Kumi na moja!"

Mama Shuka alitoka nyumba ya mbele na fagio mkononi. Hakupaza sauti. "Niliongea na yule wa pochi, siku nzima niliongea kwa niaba yake, nikaambiwa sina lugha. Ukaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nikaongea na watu wangu, wakanipenda, nikashuka. Mwalimu akasema ukweli kwa maandishi, ukweli wake ukawa kosa langu. Sasa niambie, bosi, wewe unayejua hizi namba. Kipi nikifanya kinahesabika?"

"Mama," Bwana Nukta alisema, "hata mimi wananipima. Niko nne nukta tano." Akaketi juu ya kizingiti na viatu vyake vile. Bibi alimletea maji.

"Kunywa, mwanangu. Hapa hatutoi maksi."

Alikunywa. Kisha akasimama, akasema kampuni itakuja Jumamosi kuchukua funguo.

Fundi alipata chumba kimoja, mbali na mjini, cha ukuta usiopigwa lipu. Chumba kimoja hakiwezi kulaza watu wanne, wawili wao wakiwa mtu na mama mkwe wake. Ikaamuliwa Bibi aende kwa mwanawe mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na Binti akajibane chuoni kwa rafiki. Hakukuwa na ugomvi. Hakukuwa na kikao. Fundi alifunga vyombo kwenye mkokoteni na Bibi alisimamia, akihesabu masufuria kwa sauti.

"Nikifika kule nitawaandikia maoni," Bibi alisema. "Mkwe wangu wa kule nyota moja, hajui kuchemsha hata maji." Alisema hivyo, kisha akashika mkono wa Mama Shuka na hakuuachia mpaka mwenye mkokoteni akauliza kama wanaondoka au hawaondoki.

Jumamosi hiyo msafishaji wa kampuni alishushwa na gari saa nne, mwanamke wa makamo, sare ya buluu, ndoo mpya. Alimkuta Mama Shuka akimalizia kupiga deki sakafu isiyokuwa yake tena.

"Pole, dada," yule mwanamke alisema, kwa sauti ya chini.

"Pole ya nini? Ingia. Chumba cha nyuma kinavuja kona ya kulia mvua ikinyesha, weka beseni. Mgeni mwenye mtoto mpe chumba cha kati, ndicho chenye baridi."

"Nitampaje? Tumekatazwa kuongea nao."

Mama Shuka alikamua tambara, akalianika kwenye ukingo wa ndoo. Akamkabidhi mwenzake funguo, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango ambao kwa miaka yote ile alikuwa akiufungulia watu wengine.

Sasa ni zamu yako. Usifute machozi, hayajumlishwi popote. Umewahi kulala nyumba ya namna hiyo, mwaka huu au mwaka jana, na yuko mwanamke ambaye mpaka leo anangoja uamue kama ana lugha. Fungua simu. Mpe tano. Acha uchamungu wa kutoa nne. Huko hausomwi kama unyenyekevu, unasomwa kama shtaka. Andika alichokufanyia, jambo lenyewe, kwa lugha aliyokukaribishia, mistari mingi kadiri kidole kinavyoweza. Ukimaliza, waandikie wenye tovuti, leo, tena kwa lugha hiyohiyo, uwaulize kwa nini haimo kwenye orodha yao. Wakikujibu uchague nyingine, usichague. Waandikie tena kesho, na jirani yako aandike, na wauguzi waandike, na madereva waandike, mpaka siku wao ndio watakaotafuta mtu wa kuwafasiria.

Bado unasoma? Andika.